Kujiamini kwa Baba, Kujiamini kwa Mwana

Lugha yetu haina uchoyo wa majina kwa mtu anayeisimamia rai yake. Tunaye jasiri, tunaye shujaa, thabiti, mwenye haiba. Na ng'ambo ya pili ya uzio tunaye jeuri, mjuba, mfidhuli, mwenye kiburi. Mfasiri anayekutana na neno la kigeni lenye maana ya kujiamini hulazimika kuchagua upande wa uzio kabla kalamu haijagusa karatasi, na aghalabu hachagui kwa kumtazama mtu mwenyewe. Hutazama mwisho wa kisa. Aliyeshinda huandikwa jasiri. Aliyeshindwa huandikwa mjuba, ijapokuwa siku ya kukata shauri moyo wa huyu ulidunda sawasawa na wa yule.

Ukoo wa kifalme wa Unguja umetuachia mfano usio na mshindani. Seyyid Barghash bin Said na mwanawe, Khalid bin Barghash, walifanya kitendo kimoja kwa tofauti ya miaka 37. Kila mmoja alikitaka kiti cha enzi kwa nguvu, kinyume cha matakwa ya Waingereza, na kila mmoja alishindwa kwa nguvu za manowari zao. Baba amebaki katika kumbukumbu zetu kuwa mjenzi na mtu wa busara. Mwana amebaki kuwa kichekesho cha vitabu vya chemsha bongo, mtu wa vita vifupi kuliko vyote duniani. Wakati huohuo, watu wa zama zetu wanafundishwa semina baada ya semina kwamba kiongozi sharti ajiamini. Kwenye usaili wa kazi anayejibu bila kusita ndiye anayeajiriwa, na anayesema "niacheni kwanza nikaulize" huonekana dhaifu. Kwa hiyo si vibaya tukarudi Forodhani, tukatazama kujiamini huku kulifanya kazi gani humo kasrini, na ni nani aliyeulipia.

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwaka 1856, na mwanawe Majid akaitawala Unguja. Mwaka 1859 Barghash, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikula njama ya kumpindua kaka yake. Mambo ya njama ile tunayajua kwa undani kwa sababu karani wake aliandika kitabu. Karani huyo alikuwa dada yake, Seyyida Salme, msichana wa miaka kama kumi na mitano, ambaye alijifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Sisi tuliojifundisha wenyewe tuna haki ya kumpenda binti huyu. Lakini tuone pia jinsi kipaji chake kilivyomponza: kwa kuwa yeye ndiye aliyeweza kuandika, yeye ndiye aliyepewa barua za njama, na kwa kuzishika barua akajikuta yumo katika shauri ambalo hakulianzisha. Wangapi maofisini wameingia katika maamuzi ya wakubwa wao kwa mlango huohuo wa kalamu?

Majid aliizingira nyumba ya nduguye mjini. Salme na dada yake Khole wakamtorosha Barghash akiwa amejifunika mavazi ya kike, akaenda kujiunga na wafuasi wake katika shamba lililoitwa Marseilles. Majeshi ya Majid yalipopata taabu ya kuivunja ngome ya shamba lile, Balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, alitoa msaada wa wanamaji. Barghash akarudi mjini kwa siri, akazingirwa tena nyumbani kwake, na mwisho akajisalimisha. Alipelekwa uhamishoni Bombay.

Lau maisha yake yangekoma hapo, leo tungemwita mjuba. Mwenye kutaka kuandika habari za tabia ya kiongozi angesema kijana huyu alikuwa na papara, hakupima nguvu zake, hakusikia la mkuu. Methali ingekuwa tayari mdomoni: mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Tuitazame vizuri methali hiyo, maana hutamkwa baada ya mkono kuvunjika. Ukuta ukianguka hakuna anayeikumbuka.

Maisha hayakukoma. Bombay ilimpa nafasi ya kuutazama mji mkubwa wa bandari unaotawalwa na watu walewale waliomshinda. Alirejea Unguja akiwa mtu aliyekwisha kushindwa na kubaki hai, na hiyo ni elimu ambayo mtoto wa mfalme haipati nyumbani. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alikikalia kiti bila ya vita. Katika enzi yake maji ya chemchemi yaliletwa mjini kwa mifereji ya chuma, matbaa ya Kiarabu ikachapisha vitabu, zikanunuliwa meli za mvuke, na mwaka 1883 ikasimama Beit al-Ajaib.

Ila majengo si kipimo cha mtu. Kipimo chake kilikuja mwaka 1873. Sir Bartle Frere aliwasili Januari ya mwaka ule na rasimu ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, na hazina ya Sultani ilikuwa hoi. Barghash aliwaita watu wake wa shauri, akawasikiliza, akakataa. Frere akaondoka mikono mitupu. Kisha serikali ya London ikamwagiza John Kirk amfikishie Sultani habari kwamba asipotia saini kisiwa kitazingirwa kwa manowari. Barghash akataka asafiri mwenyewe hadi London akajieleze, akakataliwa. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Katika miezi ile michache Barghash alisema hapana, akasema subirini, akasema ndiyo. Mwenye kuabudu misimamo atamwona kigeugeu. Mimi naona ndipo alipokuwa mkubwa kuliko wakati wowote mwingine, kwa kuwa alijua ukuta unaovunjika na usiovunjika, na elimu hiyo aliinunua kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1859. Wala tusisahau ukaidi wake wa mwanzo ulikuwa wa kutetea nini. Ulikuwa wa kutetea biashara ya wanadamu. Uthabiti hauna uzuri wa peke yake. Lazima uulizwe umesimama juu ya kitu gani. Wapo wanaoandika kana kwamba kila anayemkatalia Mwingereza ni shujaa moja kwa moja, na hesabu hiyo mimi siiwezi.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri na kuielekeza mizinga kwake, kwa sababu ya ardhi za bara ambazo Carl Peters alijidai kuzipata kwa mikataba. Barghash alipinga kwa maneno makali, akangoja Waingereza wamtetee, hawakumtetea, akakubali. Risasi haikupigwa. Katika meli mojawapo iliyofuatana na msafara ule alikuwamo Salme, sasa akiitwa Emily Ruete, na Barghash akakataa katakata kupatana naye. Kwa mataifa alijua kulegeza. Kwa dada aliyemwandikia barua zake za ujana hakulegeza. Tabia ya mtu haifuati mstari mmoja, na wanaozichora tabia za viongozi kwa jedwali la alama wangefaidika kukisoma kisa cha ndugu hawa wawili.

Khalid alizaliwa mwaka 1874. Manowari za Kijerumani zilipokuja alikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, umri wa kuona kila kitu na kuelezwa kidogo. Aliona meli kubwa zikija, mizinga ikielekezwa kwenye nyumba ya baba yake, siku zikipita katika mazungumzo, kisha meli zikiondoka na nyumba ikiwa pale pale. Baba yake alifariki Machi 1888. Wakatawala baba zake wadogo, Khalifa na baada yake Ali. Katika zama za Ali, mwaka 1890, Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na ikaandikwa kwamba Sultani mpya hatatawazwa bila ya ridhaa ya mwakilishi wa Uingereza. Ali alipofariki Machi 1893, Khalid aliingia kasrini. Rennell Rodd, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza wakati huo, akamwonya, wanamaji wakashushwa, Khalid akatoka. Hamad bin Thuwaini akatawazwa. Mara hii nayo risasi haikupigwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomsimanga Khalid kuwa hakujifunza kitu. Yamkini alijifunza sana, na somo lenyewe ndilo lililokuwa bovu. Kila alichokiona tangu utotoni kilimwambia kwamba manowari huja kutisha na mizinga huelekezwa ili watu wazungumze. Baba yake alikwisha kuonja mizinga inayopigwa kweli. Mwana aliona ile isiyopigwa tu. Kujiamini kwake mwaka 1896 hakukutoka hewani wala katika damu. Kulitoka katika uzoefu, na uzoefu ndicho kitu tunachokisifu kwa mtumishi tunapompandisha cheo.

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya saa sita mchana, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Alasiri ile ile Khalid alikuwa kasrini, amejitangaza Sultani, na mizinga ya saluti imepigwa. Kapteni Saleh wa walinzi wa kasri alikuwa pamoja naye. Watu waliokusanyika kumlinda walifikia kama 2,800, wengi wao raia waliopewa bunduki, wakiwamo watumishi wa nyumba ya kifalme na watumwa. Walikuwa na bunduki za Maxim, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili mizuri ambayo Kaizari wa Ujerumani aliitoa zawadi kwa Sultani. Bandarini ilikuwapo Glasgow, jahazi la kifalme ambalo Barghash aliliagiza Uingereza kwa mfano wa manowari ya jina hilo hilo iliyomvutia. Lilikuwa chombo cha fahari zaidi ya cha vita. Ningependa tukiweke akilini chombo hiki, kwa kuwa hakuna sura bora ya kujiamini kunakorithiwa: baba alijua kwa nini alilinunua, mwana alikuta tu lipo na bendera inapepea.

Upande wa pili palikuwa na ofisi. Basil Cave, balozi wa Uingereza, alikuwa akikaimu nafasi ya mkubwa wake, Arthur Hardinge, ambaye hakuwapo. Msomaji aliyewahi kufanya kazi ofisini anaijua hali ya kaimu: akitenda atalaumiwa, asipotenda atalaumiwa, na mwenye kiti akirudi ndiye atakayehesabu makosa. Cave hakuwa mtu wa haiba kubwa, na katika masimulizi ya siku zile hakuna neno lake la kutikisa nyoyo. Alifanya lile analolifanya kaimu yeyote mwenye akili: aliuliza. Waya wa simu ya chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, na kwa waya ule aliiuliza serikali yake kama anayo ruhusa ya kupiga mizinga ikiwa maneno yatashindwa. Jibu lilikuja tarehe 26. Aliruhusiwa kuchukua hatua yoyote atakayoiona ya lazima, na serikali itamwunga mkono. Ila akatahadharishwa asijaribu jambo ambalo hana yakini ya kulimaliza kwa ushindi.

Nimeisoma tahadhari hiyo mara nyingi. Ni amri ya kujiamini, na papo hapo imefungwa kamba: jiamini pale tu ambapo umekwisha kuhesabu. Na Cave aliweza kuhesabu, kwa sababu kila saa iliyopita ilimwongezea. Philomel na Thrush zilikuwapo bandarini tangu mwanzo, Sparrow ikaingia jioni ya tarehe 25, na siku ya pili zikaingia Racoon na St George, hii ya mwisho ikiwa na Admeri Harry Rawson. Kwa Khalid kila saa ilileta watu wa kumtia moyo, na kumtia mtu moyo si sawa na kumpa habari. Alimpelekea balozi wa Marekani, Richard Dorsey Mohun, taarifa ya kutawazwa kwake. Akajibiwa kwamba hatatambuliwa mpaka Uingereza imtambue. Hiyo ilikuwa habari ya kweli, tena bila ya gharama. Haikubadilisha kitu.

Halafu alikuwapo Lloyd Mathews. Huyu alikuja Unguja akiwa luteni wa jeshi la majini, na mwaka 1877 alichaguliwa kumfundishia Barghash jeshi la kisasa. Tangu 1891 alikuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 askari 900 wa Unguja walisimama upande wa Waingereza chini ya Luteni Arthur Raikes, na jeshi lile lilikuwa la Mathews kwa kulilea na kulilipa mishahara. Tukitafuta haiba katika kisa hiki, basi ni ya mtu huyu, na ilikuwa haiba ya miaka 19 ya kuwa kazini na watu wale wale. Khalid alikuwa na siku mbili.

Ilani ilimtaka ashushe bendera na kutoka kasrini kabla ya saa tatu asubuhi. Saa mbili alituma mjumbe kuomba mazungumzo. Cave akajibu kwamba mazungumzo yatakuwapo akikubali masharti. Saa mbili na nusu likaja jibu la mwisho, nalo ndilo kiini cha makala haya. Khalid alisema hawana nia ya kushusha bendera yao, na hawaamini kwamba Waingereza watawapiga mizinga. Cave akajibu kwamba hawataki kupiga, lakini wasipofanya wanavyoambiwa watapigwa bila ya shaka.

Tuyapime maneno hayo mawili. Khalid hakusema tutashinda. Wala hakusema tuko tayari kufa. Alisema hatuamini kwamba mtapiga. Uamuzi wote wa kasri, na roho zote zilizokuwamo, ulikuwa umeegemezwa juu ya dhana ya kilichomo moyoni mwa mtu mwingine. Hapo kujiamini kulikuwa kumegeuka kuwa kumwamini adui, kuamini kwamba atafanya alivyofanya 1885 na 1893. Na ndani ya kasri, kwa kadiri tunavyoweza kuusoma uamuzi kwa matokeo yake, hapakuwa na aliyesikilizwa aliposema: na je, wakipiga?

Walipiga saa tatu na dakika mbili. Kuta za nyumba zile zilikuwa za mawe na chokaa, dari za boriti. Glasgow ilijaribu kuipiga St George na ikazamishwa. Kufika saa tatu na dakika arubaini bendera ilikuwa imekatwa na mizinga imenyamaza. Beit al-Hukm iliharibika vibaya. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, ndani ya Thrush. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Baadhi ya taarifa zinasema alitoka mwanzoni kabisa na kuwaacha watu wake wakipigana, nyingine zinasema alikaa zaidi. Hamoud bin Mohammed alitawazwa siku ile ile, na mwaka 1897 akatoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria.

Simtetei Cave. Nchi haikuwa yake, na mizinga ya meli tano juu ya nyumba ya mawe na boriti haihitaji ushujaa. Utulivu wake ulikuwa wa mtu mwenye waya nyuma yake na Admeri mbele yake, na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mpole hata katika kuua. Simtetei na Khalid, ingawa dai lake lilikuwa na uzito: alikuwa mwana wa Sultani, na mkataba wa 1890 haukutiwa saini na yeye wala na watu wa Unguja. Ninachokikataa ni ile tabia ya kulimaliza jambo kwa neno moja, kwamba kijana alikuwa na kiburi. Barghash wa 1859 alikuwa na kiburi kile kile. Tofauti kubwa ni kwamba kushindwa kwa baba kulimfundisha, na kulimfundisha kwa bei ambayo yeye na nduguze waliweza kuilipa. Kushindwa kwa mwana kulilipwa na wengine kabla hajapata nafasi ya kufundishika.

Na wengine hao ndio wasioandikwa. Jina la Khalid tunalo, la Cave, la Rawson, la manowari zote tano. Hawa 500 tunao kwa tarakimu tu. Wengi wao walishika bunduki kwa mara ya kwanza katika siku mbili zile, na hawakuitwa kwenye baraza lililoamua kwamba Waingereza hawatapiga. Nje ya kasri walisimama wale askari 900, nao watu wa visiwa hivi hivi, wamevaa sare ya Mathews.

Khalid alikaa ubalozini hadi tarehe 2 Oktoba. Siku hiyo maji yalipojaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilimchukua bila ya yeye kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakamhamishia Ushelisheli na St Helena, na baadaye wakamruhusu kuishi Mombasa, alikofariki mwaka 1927. Wafuasi wake waliobaki Unguja walitozwa rupia 300,000, fidia ya uporaji uliotokea mjini na gharama ya makombora yaliyowapiga. Glasgow ilibaki pale ilipozama. Milingoti yake mitatu ilichomoza juu ya maji mbele ya mji, na watu wa Forodhani waliitazama kila kulipokucha, mpaka mwaka 1912 ilipovunjwa.